Pishi ya Mtu Akaaye Nyumbani

Watu wengi hudhani ya kuwa majaribu ya tumbo yapo mahali pa karamu: arusini, penye ubatizo na kipaimara, na siku za Krismasi, wanyama wanapochinjwa na vyungu vinapojaa. Sisi nasi tulidhani vivyo hivyo kwa miaka mingi. Lakini karamu ina mwisho wake. Watu hula, huimba, huagana, na kesho yake kila mtu hurudi katika kazi yake. Tulipoangalia zaidi tuliona ya kuwa jaribu kubwa la tumbo halipo arusini. Lipo nyumbani, siku ya kawaida, saa nne ya asubuhi, mtu anapokaa karibu na kabati la chakula, hana kazi ya kumwita wala mtu wa kumtazama. Juu ya jambo hilo twataka kunena, na swali letu ndilo hili: mtu akaaye nyumbani mwake, akila chakula chake mwenyewe alichokipata kwa haki, je, anadaiwa kiasi? Na ikiwa anadaiwa, mdai wake ni nani?

Swali hili lilitujia kwa nguvu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani. Hapa Tanzania shule zilifungwa mwezi wa Machi mwaka ule, zikafunguliwa zote mwisho wa Juni. Katika nchi ya Kenya watu walikatazwa kutoka usiku tangu Machi 2020 hata Oktoba 2021, na Uganda walikuwapo wanafunzi ambao hawakurudi darasani hata Januari 2022. Ndugu zetu wa Ujerumani waliisherehekea Pasaka ya 2020 majumbani mwao, ibada za kukusanyika zimekatazwa. Katika siku zile wengine waliona njaa, maana riziki yao hutoka sokoni siku kwa siku, na soko lilikuwa tupu. Lakini wengine, wenye mshahara na akiba, waliona jambo jingine. Walikaa, wakala, na walipotaka kuvaa nguo zao za ibada nguo ziliwakataa.

Siku zile zimepita, lakini kukaa nyumbani hakukupita. Wazee waliostaafu hukaa nyumbani. Mama mwenye mtoto mchanga hukaa nyumbani, na mgonjwa apataye nafuu, na fundi cherehani ambaye chumba chake cha kazi ni sebule yake, na kijana afanyaye kazi ya ofisi kwa kompyuta mezani pa kulia chakula. Basi neno letu ni kwao wote, na kwetu sisi wenyewe kwanza, maana twaandika makala haya tukiwa tumeketi, na chai ipo karibu.

Yafaa tuulize kwanza: nyumba ina nini hata mtu anenepe ndani yake kuliko nje? Twaona ya kuwa nje mtu amezungukwa na nyua tatu asizozijenga yeye, na nyumbani nyua hizo hazipo.

Ua wa kwanza ni saa. Shuleni, kiwandani na shambani mtu hula wakati uliowekwa. Nyumbani hakuna kengele. Asubuhi chai na mkate. Baadaye kipande cha muhogo. Kisha makombo ya mtoto, ambayo mama huyala ili yasitupwe. Kisha kuonja mchuzi mara mbili tatu. Kisha karanga wakati wa kusikiliza redio. Hata kimoja cha hivyo hakiitwi chakula. Mtu akiulizwa amekula mara ngapi, hujibu mara tatu, wala hakusudii kusema uongo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mwili huhesabu hata yale ambayo kinywa kimeyasahau.

Ua wa pili ni kazi. Mtu afanyaye kazi ya mikono huchoma chakula chake kama kuni, na mtu aketiye huweka kuni zile ghalani. Ghala hilo ni mafuta ya mwili.

Ua wa tatu ni jicho la mwenzetu. Mbele ya watu twaona haya kupakua mara ya tatu. Peke yetu hatuoni haya, maana hakuna wa kutuonea. Tena mtu aliye peke yake huenda kabatini bila njaa. Humpeleka huko upweke, au wasiwasi wa mambo ya kesho, au siku iliyo ndefu. Huomba faraja kwa kitu kisichoweza kumfariji zaidi ya muda wa kukitafuna, na kikiisha hurudi tena.

Zamani mambo hayakuwa hivi, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa mahali pa kazi. Katika migomba ya Kilimanjaro mama alikaa nyumbani siku zote za maisha yake, lakini kukaa kwake kulikuwa mwendo. Alishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, akayapandisha mlimani kichwani. Alilima, aliteka maji, alibeba mikungu ya ndizi mpaka sokoni. Jioni alikula ndizi na maharagwe akashiba, na shibe ile ilikuwa imelipiwa. Tusiwasifu wazee kupita kiasi, maana nao walikuwa na miaka yao ya njaa, na mbege yao iliwaletea wengine hasara. Ila kwao chakula na kazi vilifungwa kwa kamba moja. Leo maji huja kwa bomba, majani huletwa kwa gari, unga hutoka mashineni mweupe, pumba zake zimeondolewa, na mafuta ya kupikia hununuliwa kwa lita. Hatuyadharau mambo haya. Mgongo wa mama umepumzika, nasi twashukuru. Lakini kamba imekatika. Chakula kimebaki, kazi imekwenda zake, na tumbo halikupewa habari.

Turuhusiwe kutoa mfano mmoja, wala hatutamtaja mtu kwa jina. Mzee mmoja tumjuaye alikuwa mwinjilisti miaka zaidi ya thelathini. Alikwenda mitaani kwa miguu, akipanda na kushuka mabonde, na chakula chake kilikuwa kile alichokikuta kwa wenyeji wake. Alipostaafu, wanawe aliowasomesha kwa taabu walitaka kumheshimu. Kila mwezi walimletea sukari, mchele, mafuta na kreti ya soda, wakamwambia, "Baba, umetembea vya kutosha; sasa kaa, ule." Naye alikaa, akala. Kabla ya miaka mitatu kupita kanzu yake ya kanisani haikufungika tena shingoni. Majirani walimsifu wakisema, "Mzee, kustaafu kumekupenda!" Hakuna aliyetambua neno, hata alipojikwaa akapata kidonda kidogo mguuni, nacho kikakataa kupona. Hospitalini walimpima damu, wakaona ana ugonjwa wa kisukari, tena ya kuwa alikuwa nao kwa muda mrefu bila kujua. Kidole kimoja kilikatwa ili mguu usalie.

Aliporudi nyumbani, mkewe alifanya kama daktari alivyoagiza. Sukari aliifungia sandukuni. Chakula alikipakua kwa kikombe kilekile kila siku: mboga nyingi, ndizi chache, na maharagwe au kipande cha samaki. Haukupita mwezi, dada yake mzee akaja kumtazama. Alipoiona sahani machozi yalimtoka, akasema, "Wifi, kaka yangu alilishwa vizuri na watu maisha yake yote, na leo kwake mwenyewe mnampimia kama mfungwa?" Mama yule akajibu kwa upole, "Nampimia, wifi, kwa kuwa nataka kuendelea kumpikia." Dada hakuridhika. Maneno yakaenea katika ukoo. Wengine wakasema mke ana choyo, wengine wakasema wana wamemchoka baba yao.

Hapo ndipo swali letu lilipo. Ni nani aliyempenda mzee yule: wana walioleta kreti, au dada aliyelia, au mke aliyefunga sanduku? Twasema wote walimpenda. Hii si hadithi ya watu wabaya na watu wema. Kwetu sahani iliyojaa ni lugha ya upendo, na mwili haujengwi kwa mbao. Sisi wenyewe tumelisema neno hilo mara nyingi mbele ya mgeni aliyekwisha kushiba. Upendo ulikuwapo kwa wingi katika nyumba ile. Kilichokosekana ni kipimo. Na upendo usio na kipimo huweza kumkata mtu kidole.

Basi tuyaangalie mawazo matatu yatuzuiayo tusiione njia.

La kwanza ni wazo la kwamba unene ni baraka. "Umenenepa, mambo yako ni mazuri," ndivyo tusalimianavyo, na yule aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama yu mgonjwa. Wazo hili lina asili yake, wala hatuwacheki walio nalo. Watu waliokwisha kuona njaa huufurahia mwili ulioshiba. Tena katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI uliwakondesha wapendwa wetu mpaka kaburini, na watu wakajifunza kuuogopa wembamba kama waogopavyo jeneza. Lakini hofu ya jana si mwalimu wa kutosha kwa leo. Shirika la Afya Duniani lahesabu ya kuwa mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1, yaani mtu 1 katika kila 8 duniani, walikuwa na unene wa kiasi cha kuleta ugonjwa. Mafuta mengi, hasa yale ya tumboni, huufanya mwili uwe mgumu kuitii insulini, ile dawa itengenezwayo na kongosho ili sukari iingie katika nyama za mwili. Hapo sukari hubaki damuni, na polepole huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Moyo nao hulazimika kusukuma kwa nguvu, shinikizo la damu hupanda, na kiharusi huja. Mtu aliyesifiwa kwa unene wake Jumapili huenda akabebwa Jumatatu.

La pili ni wazo la mtu asemaye, "Mwili ni wangu, na chakula ni changu, nanyi yawahusu nini?" Neno hili laonekana kuwa na nguvu, lakini tulitazame vizuri. Mtu yule akianguka kwa kiharusi, nani amgeuzaye kitandani usiku? Figo zake zikifa, ni ng'ombe wa nani auzwaye ili damu yake isafishwe kwa mashine? Mwili tunaouita wetu tulipoupata tulibebwa na wengine, na tutakapouacha tutabebwa na wengine, na katikati hapo hatujui ni siku gani tutahitaji kubebwa tena. Katekisimo yenyewe, inapoeleza habari za uumbaji, huuhesabu mwili na viungo vyake pamoja na vile tulivyopewa, wala si pamoja na vile tulivyojitengenezea. Na mtu aliyepewa kitu cha amana huulizwa alivyokitunza.

Tena yuko mdai mwingine ambaye watu hawamfikiri. Ni mtu yule ambaye sisi wenyewe tutakuwa baada ya miaka kumi. Mtu wa leo hula, na mtu wa kesho hulipa. Mtu wa kesho hayupo mezani, hawezi kutukataza wala kutusihi. Ni mnyonge kuliko wanyonge wote, maana hata sauti hajaipata. Kama ni haki kumhurumia asiyeweza kujitetea, basi na huyu tumhurumie. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyo wa kesho, akiwa na nguvu chache kuliko za leo, ndiye atakayeachiwa kazi ya kujenga.

La tatu ni kosa la upande mwingine, nalo latokea kwa watu waliokwisha kuelewa mambo ya afya. Humtazama mtu mnene wakamhukumu kuwa ni mlafi na mvivu. Jambo hili si la haki. Wako waliozaliwa na mwili wa namna ile; wako walionenepa kwa ugonjwa, au kwa dawa waliyopewa ili wapone ugonjwa mwingine, au baada ya uzazi. Tena wako watu wembamba walafi, ambao miili yao haiwashitaki. Mizani ya chuma hupima nyama na mifupa, roho haiipimi. Mkristo amchekaye mwenziwe kwa unene wake amekosa kiasi kwa kinywa chake, ingawa tumbo lake ni dogo. Basi tunapohimiza kiasi hatuhimizi wembamba. Kiasi ni uhuru, nao ni huu, kwamba mtu aweze kuanza kula na aweze kuacha.

Mfano mkubwa wa jambo hili twaujua tangu madarasa ya watoto. Waisraeli walipokuwa jangwani, mana ilianguka kwa wingi, lakini kila mtu aliagizwa kuokota pishi yake tu ya siku ile. Waliojilimbikizia ya kesho waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Tumezoea kulifundisha neno hili kama habari ya imani, ya kuwa Mungu atatoa na kesho. Ni kweli. Lakini tuangalie pia ya kuwa wingi haukuondoa kipimo. Jangwani hapakuwa na uhaba wa mana. Kipimo kiliwekwa penye wingi, na kwa kweli penye wingi ndipo kitakiwapo. Mwenye uhaba hupimiwa na uhaba wenyewe.

Na ili tusidhani ya kuwa watu wakuu hawakujaribiwa hivi, tumkumbuke Martin Luther. Alipokuwa mtawa alifunga kwa ukali mno, hata baadaye alisema amejiharibia afya. Kisha, baada ya kusimama mbele ya Kaisari huko Worms, watu wa mtawala wake walimchukua mwanzo wa Mei 1521, wakamficha katika ngome ya Wartburg. Huko alikaa ndani yapata miezi kumi, amevaa kama askari wa farasi, amefuga ndevu, akila chakula cha wenyeji wa ngome. Yule aliyezoea kuhubiri na kufundisha kila siku sasa hakuwa na mimbara wala darasa. Katika barua zake kwa rafiki zake alilalamika ya kuwa anakaa bure mchana kutwa, mwili umemwelemea, na tumbo limefunga likimtesa sana. Hatuoni haya kuyataja haya, maana yeye mwenyewe hakuona haya kuyaandika. Mwezi wa Desemba mwaka ule alianza kulitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani, akalimaliza kwa muda wa majuma kumi na moja hivi, likapigwa chapa Septemba 1522. Hatusemi ya kuwa kazi ile ilimponya tumbo, na picha za uzee wake zaonyesha mtu mwenye mwili mkubwa. Twasema hili tu: kukaa ndani kulimlemea hata yeye, na siku zile ndefu zilipopata kazi zilikuwa siku nyingine kabisa. Tena mwalimu wetu huyu hakufundisha kufunga kuwa ni stahili mbele za Mungu, wala hakukutupa. Alikuhesabu kuwa ni mazoezi mema ya mwili kwa nje. Basi na sisi tusikifanye kiasi cha chakula kuwa ngazi ya kupandia mbinguni. Ni ufagio wa nyumba tu. Lakini nyumba isiyo na ufagio twaijua ilivyo.

Sasa twataja maneno machache ya kutendwa, ambayo waganga wa siku hizi wayapatana.

Kwanza, mtu ajue kipimo chake. Asiye na mizani achukue kamba yenye urefu wake, tangu utosini hata nyayoni, aikunje katikati, kisha aizungushe tumboni, kati ya mbavu za chini na nyonga. Ncha zikikutana, ni vema. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi, naye aende akapimwe damu na shinikizo kabla ya kidonda kumwambia. Kipimo hiki ni cha watu wazima, wala si cha mama mjamzito.

Pili, sukari. Shauri la Shirika la Afya Duniani ni kwamba sukari tuiongezayo katika chakula na vinywaji ipungue chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula chetu, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi kwa siku, vijiko 6 vya chai. Mtu anywaye vikombe 4 vya chai, na kila kikombe vijiko 3, ametia vijiko 12; na chupa moja ya soda ya mililita 300 huongeza vijiko 7 au 8. Apunguze kijiko kimoja kila juma. Ulimi utalalamika kidogo, kisha utazoea.

Tatu, mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu moja ya wanga au ya sukari ina kalori 4. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta chapata kalori 120, karibu sawa na mwendo wa nusu saa kwa miguu. Basi mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kwa chupa.

Nne, sahani. Nusu yake iwe mboga na matunda. Robo iwe ugali, wali au ndizi, na dona lenye pumba zake ni bora kuliko sembe nyeupe. Robo iwe maharagwe, samaki, mayai au nyama. Chakula kipakuliwe jikoni, na sufuria lisiletwe mezani, maana sufuria lililo karibu hunena. Watu wa nyumba wale pamoja kwa saa ilizoweka nyumba yenyewe. Hapo kengele imerudi, na jicho la mwenzetu limerudi.

Tano, mwendo. Dakika 150 kwa juma ndicho kiasi cha chini kwa mtu mzima, yaani nusu saa kwa siku tano. Bustani ya mboga hutosha, na njia ya kwenda kumwona mgonjwa hutosha. Anayekwenda kwa miguu kumwona mgonjwa amefanya mambo mawili kwa gharama ya moja. Lakini mwenye kisukari na atumiaye dawa asianze kufunga wala kupunguza chakula ghafula bila shauri la daktari, maana sukari ikishuka mno nayo huua.

Yuko atakayetuuliza, "Mwawezaje kunena juu ya kula kupita kiasi, hali wako watoto walalao na njaa?" Swali hili ni zito, wala hatulikwepi. Katika kijiji kimoja, huenda katika mtaa mmoja wa usharika, yuko mtoto aliyedumaa kwa kukosa chakula na mtu mzima anayeugua kwa kukizidisha. Lakini hayo si mambo mawili yasiyojuana. Kiasi cha mtu mmoja ndicho kilichokuwa na nafasi ya mwenziwe. Hatudanganyi ya kuwa kijiko cha sukari nisichokula kitaingia chenyewe kinywani mwa yatima. Hakitaingia, isipokuwa mtu akipeleke. Lakini fedha za kreti moja ya soda hununua maharagwe mengi, na mtu aliyekwisha kujua inayomtosha ndiye awezaye kuona iliyobaki. Asiyejua inayomtosha haoni kamwe kilichobaki, hata akiwa na ghala.

Basi swali letu la kwanza limepata jibu. Mtu akaaye nyumbani anadaiwa kiasi, na wadai wake ni wengi: Mungu aliyempa mwili, mwenzi wake atakayemwuguza, jirani mwenye njaa, na yeye mwenyewe wa miaka ijayo. Ila deni hili halidaiwi kwa fimbo, na hapo twarudi kwa mzee wetu.

Tulipomtembelea alitueleza habari zote akicheka, akasema, "Nimehubiri juu ya mana mara zisizohesabika, wala sikujua ya kuwa mke wangu ndiye atakayekuja kuishika pishi." Kisha akanyamaza, akatukiri jambo. Mara mbili aliutafuta usiku ufunguo wa sanduku la sukari, na mara ya pili aliupata. Alikaa gizani na ufunguo mkononi, akaona ya kuwa mkewe aweza kulifunga sanduku, lakini hawezi kumfunga yeye. Asubuhi alimpa mkewe ufunguo, akamweleza alivyofanya. Mama hakumkemea. Alimrudishia ufunguo, akasema, "Basi kaa nao wewe." Tangu siku ile sanduku halifungwi, na mzee hujipakulia mwenyewe kwa kikombe kile kile.

Siku hizi, kila asubuhi huenda kwa miguu, taratibu, na fimbo yake, mpaka nyumba ya tatu, huwafundisha watoto wawili kusoma, hurudi kabla ya jua kuwa kali. Wanawe wameacha kuleta soda. Waliponunua viatu vipana vya mguu wenye kidonda alifurahi kuliko alivyofurahia kreti. Na dada yake akija huleta mnavu na mchicha. Hakusema ya kuwa alikosea, wala hakuna aliyemwomba aseme.

Nanyi wainjilisti na walimu, mnaoingia katika nyumba nyingi kuliko sisi, twawaomba neno moja. Mkipakuliwa sahani iliyojaa, shukuruni, mle iwatoshayo, na mwache iliyobaki kwa maneno mazuri, ili mama wa nyumba ajue ya kuwa hamkuukataa upendo wake. Na mkimkuta mgonjwa apimiwaye chakula na mkewe, msimhurumie kwa maneno ya kumhukumu yule mke. Ulizeni kwanza pishi ile ni ya nini.